Kayukiyuki za nyuma ya reli

Dada, naandika hapa wazi kwa sababu kwenye simu tukianza tu unakimbilia ada za watoto na bei ya sukari, na hii nataka uisikie yote. Kayukiyuki, yaani lantana, bado ziko! Nimepita Tororo juzi, ule upande wa kwota za reli, zimejaa mpaka njia haionekani, maua ya njano na pinki, na ile harufu kali ya majani ukigusa tu mikono inanuka mpaka jioni, si unakumbuka?

Wewe ndo ulinifundisha kunyonya. Unachomoa kaua kamoja, unaweka mdomoni upande wa nyuma, unavuta, kaasali kadogo hivi. Na ulikuwa unasema chukua ya njano ya katikati, acha ya pinki, hayo yameisha. Dada, ilikuwa kweli kabisa! Ua linafunguka likiwa njano, hapo ndo lina asali, afu likishapata mdudu wake linageuka pinki na utamu unaisha, hata vipepeo wanafuata njano. Nani alikwambia wewe, na ulikuwa bado mtoto wa primari? Na matunda, meusi tu, ya kijani ulikataza kabisa, ati yana sumu, na hapo pia ulisema kweli.

Ila kitu nimekuja kuelewa ukubwani ni ukali wa mama, vile alikuwa anapiga kelele tutoke humo vichakani. Malale ililipuka Busoga, hapa Uganda, 1976, wakati wa Amin, kahawa na pamba hazilipi tena, watu wakaacha mashamba, lantana ikayameza, na mbung'o, wale wanaoeneza malale, wakapata kivuli kizuri karibu kabisa na nyumba za watu, ugonjwa ukasambaa mpaka kwetu miaka ya 80. Ile mitego ya kitambaa cha bluu na cheusi tuliyokuwa tunachezea chini yake ilikuwa ya mbung'o! Mama alikuwa anatulinda jamani, na hakuwahi kutueleza, labda hakutaka tuogope.

Mimi hili ua bado nalipenda sana. Lakini wakifyeka hicho kichaka naunga mkono, wabakize tu kidogo kwenye fensi.

Disemba uje na watoto, wanyonye ya njano. Na muulize mama, yule baba wa baiskeli ya mkate aliyepelekwa hospitali na malale, alipona?