Wenye maduka ya vitambaa, tuacheni tutoke na jora hadi mlangoni

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, nashona karibu na soko la Mbuyuni huu mwaka wa 16, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana kuna jambo linatuumiza mafundi na wateja wetu na sioni mtu analisema.

Mwezi uliopita mama mmoja aliniletea kazi ya sare za sendofu, kamati nzima, kitambaa alikuwa nacho ila kikapungua mita 11. Akanikatia kipande cha sampo nikaenda nacho dukani. Hilo duka liko ndani kabisa, unakatiza korido, dirisha hamna, limejaa taa nyeupe za LED mchana kutwa. Nikaweka sampo juu ya jora, bluu iliyokoza kwa bluu iliyokoza, nikainamisha kichwa huku na huku, sioni tofauti. Nikamwambia kijana wa dukani, mdogo wangu naomba nitoke na hili jora hapo nje nikaliangalie kwenye jua, akakataa, utaratibu hauruhusu, akasema "mama, rangi si ndo hiyo unaiona, au macho?" Nikanyamaza, nikakatiwa, nikalipa. Kufika kwangu nikakitandaza mezani, Mungu wangu, sampo bluu, mita 11 zambarau. Zambarau kabisa kama biringanya! Nikarudi mbio, wakasema kilichokatwa hakirudi. Ikabidi nitafute kitambaa kingine kwa hela yangu mwenyewe, mama wa watu hana kosa.

Sasa nimeandika kwasababu nimekuja kuelewa kwamba yule kijana hakunidanganya na macho yangu pia ni mazima. Binti yangu yuko kidato cha tatu, usiku ule alinifungulia daftari lake la fizikia tukakaa nalo mpaka saa 6, na nilivyoelewa nikasikia uchungu kwamba kitu ninachokishika kila siku kwa mikono hii nilikuwa sikijui.

Kitambaa hakina taa ndani yake jamani. Kinachofika machoni ni mwanga ulioangukia kitambaa ukarudi. Mwanga wa jua tunauona mweupe ila ndani yake zimo rangi zote za upinde wa mvua, Newton alishaonyesha hivo kule Uingereza tangu miaka ya 1660, alipitisha mwali wa jua kwenye kioo cha pembe tatu ukatoka umechanuka. Kila rangi ni wimbi lenye urefu wake, zambarau ya mwisho tunayoiona ni kama nanomita 400, nyekundu ya mwisho kama 700, na nanomita ni milimita moja umeigawa mara milioni. Dawa ya rangi iliyotiwa kiwandani inakunywa mawimbi mengine na kurudisha mengine, yanayorudi ndo tunayaita rangi ya kitambaa. Nyeusi inakunywa karibu yote, ndo maana ukivaa nguo nyeusi saa 7 mchana unaungua.

Kwaiyo rudi dukani. Taa nyingi nyeupe za LED kumbe ndani ni kichipu kinachotoa mwanga wa bluu, kimefunikwa na unga unaogeuza sehemu ya ile bluu kuwa njano, vikichanganyika jicho linaona nyeupe. Waliofanikisha hiyo LED ya bluu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2014, na wanastahili, mi mwenyewe umeme wangu unakaa siku nyingi tangu niache balbu za zamani. Ila mwanga ule una bluu nyingi na njano nyingi, nyekundu iliyokoza ni kidogo sana. Lile jora langu dawa yake inarudisha bluu na hiyo nyekundu iliyokoza. Kule ndani nyekundu haikuwepo, sasa litarudisha nini? Ni kama kumdai mtu chenji ya hela ambayo hujampa. Likarudisha bluu tu, likafanana na sampo. Nje jua likalipa nyekundu, nalo likairudisha, ndo zambarau hiyo. Na jicho la mtu lina aina 3 tu za chembe za kupokea rangi, kwaiyo haliwezi kuhesabu wimbi moja moja, linapokea jumla, vitambaa viwili vilivyotiwa dawa tofauti vinaweza kukupa jumla ile ile chini ya taa moja na vikaachana ukibadilisha taa.

Sisi wa Moshi jambo hili tunaonyeshwa bure. Jioni mawingu yakiachia Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, ile theluji ambayo mchana ni nyeupe inakuwa ya machungwa, baadae kama waridi. Theluji haijabadilika hata kidogo. Jua likishuka mwanga wake unasafiri kwenye hewa njia ndefu zaidi, bluu inatawanywa pembeni huko njiani, inayofika mlimani ni nyekundu nyekundu, na theluji kwa vile inarudisha kila inachopewa, inaturudishia hiyo hiyo.

Afu kuna velveti, hii mafundi wachanga wanaifanyia makosa sana. Unakata mbele na mgongo kwenye jora moja, ila mgongo umeugeuza juu chini ili kubana kitambaa, ukishaunganisha upande mmoja unaonekana umekolea na mwingine umepauka, mteja anakwambia umemchanganyia. Hapo dawa ni ile ile na taa ni ile ile, ila manyoya yamelala kinyume, na mwanga unarudi kufuata pembe uliyoingilia kama kwenye kioo, kwaiyo upande mmoja unakutupia mwanga machoni na mwingine unaumeza kati ya nyuzi. Pitisha kiganja kwanza, ukiona inakwenda laini weka alama ya chaki, vipande vyote vielekee huko.

Ombi langu kwa wenye maduka sio kubwa. Kutoka kaunta mpaka mlangoni ni hatua 10, mwacheni mtu atoke na jora, kama mnaogopa wizi shikeni simu yake au kijana wenu amsindikize. Kama duka liko ndani sana basi wekeni hata taa moja nzuri juu ya meza ya kukatia. Kwenye boksi za taa nyingine kuna herufi CRI na namba, ni kipimo cha taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi, 100 ndo sawa na mwanga wa jua au balbu ya kizamani, ukipata iliyofika 90 na kuendelea nyekundu zinatoka vizuri. Na mafundi wenzangu wenye vibanda vya turubai la bluu, mteja akija na sampo msilinganishie humo ndani, mwanga unaopita kwenye turubai unafika umeshachujwa, tokeni nje kabisa, kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri ndo pazuri.

Zile mita 11 bado nilikuwa nazo kwenye kabati. Jana kuna dada kaziona akazipenda kwa ajili ya gauni la kanisani, sikumkatia pale pale, nimemtoa nazo kwanza mpaka barabarani kwenye jua, akazigeuza geuza, akajiwekea shingoni, ndo tukaja kuelewana bei.

Fundi cherehani,
Mbuyuni, Moshi