MALALAMIKO: Kibanio cha karatasi cha zamani, cha Fay, kilichoharibiwa kwenye kaunta yenu ya parseli mjini

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Salamu. Najaribu kuandika kwa heshima, lakini ile imeili mlinijibu imenichoma kuliko hata kile mlichofanya. Ati mmeangalia mkaona kibanio cha karatasi kilivumbuliwa na mtu wa Norwei 1899, kwa hivyo nikisema changu ni cha muundo wa 1867 madai yangu "hayana msingi". Nani huko kwenu aliandika hiyo?

Sera yenu ya kufungua parseli mnaijua, mmeibandika ukutani wenyewe. Sasa niambieni kwa nini nilifika nikakuta parseli yangu ya vibanio vya zamani kutoka kwa mzee wa Mombasa ishafunguliwa, kadi zinazoshikilia hivyo vibanio zimemwagwa kaunta, na kijana wenu ameshika kibanio changu cha Fay anakinyoosha ili atoe laini kwa simu yake. Simu yake, si hata simu ya ofisi. Nikamwambia weka hiyo chini tafadhali, akanijibu "Madam, si ni klipu tu," na akaendelea.

Klipu tu. Wacha niwaeleze basi, maana naona kwenu kila waya uliopindwa ni kitu kimoja. Samuel Fay alipata hataza, ile haki ya mvumbuzi, Marekani 1867, na shida aliyokuwa anatatua ilikuwa ya tiketi za kubandikwa kwenye vitambaa laini mahali pini ingetoboa, akasema pia kinaweza kushika karatasi. Ni waya mmoja umepindwa mara moja na miguu miwili inapishana, basi. Erlman Wright akaja na chake 1877. Hiyo mnayotumia nyinyi kila siku, kitanzi ndani ya kitanzi, ni Gem, na umbo lake halikuwahi kupewa hataza, kilichopewa ni mashine ya kuitengeneza, ya William Middlebrook wa Waterbury, Connecticut, aliyeomba 1899. Huyo wenu wa Norwei, Johan Vaaler, aliomba hataza Ujerumani mwaka huo huo, na chake hakina kitanzi cha ndani hata. Ule mnara wa klipu uliosimamishwa Sandvika karibu na Oslo 1989 kwa heshima yake, umbo lake ni la Gem! Kwa hivyo mmenikatalia madai kwa hadithi ambayo hata mnara wake umekosea, na hamkuona haja ya kuniuliza.

Supavaiza wenu naye, hii ilikuwa baadaye hiyo siku, akanisukumia boksi ya klipu mpya juu ya kaunta akasema "chukua hizi, ni zile zile". Zilikuwa Gem. Akaongeza kwamba ile ingine watairudisha umbo na koleo. Haiwezekani. Kibanio kinashika kwa sababu waya ukipindwa kidogo unataka kurudi ulipokuwa, ukiupitisha kiasi chake haurudi tena, na waya mzee ukiunyoosha halafu uukunje palepale ndipo unapokatikia.

Na bado sijamaliza na huyo kijana, kwa sababu kwenye imeili mmeandika "stafu alikigusa". Hakukigusa. Alikitoa kwa kadi yake, kadi imeandikwa kwa wino na mkono wa huyo mzee wa Mombasa aliyekaa na hizo vitu miaka yote akizichomoa kwenye faili za zamani za ofisi za meli, akashika mguu mmoja na kucha, ule mwingine akauuma na meno, akavuta hadi pale wanapopishana pakafunguka. Nilikuwa nimesimama mbele yake nikiwa na kitambulisho mkononi. Ncha ikawa nene haiingii kwa kile kitundu cha simu, akaisugua kwenye ukingo wa kaunta ili ichongoke. Nimesema weka chini. Akasema ni klipu tu. Alipomaliza akaitupa kwenye ndoo ya taka, na mimi ndiye niliinama kuitafuta kati ya karatasi za risiti watu wakiwa kwa laini nyuma yangu wanasonya.

Zile zingine nimezikuta zimechanganywa, klipu ya aina ya Owl yenye yale macho mawili iko kwenye kadi ya aina nyingine, Ideal, na Gothic, ile ya Henry Lankenau ya 1934 yenye upande mmoja wa mraba, ilirudi bila kadi kabisa.

Nilikuwa nataka tu mniombe msamaha na mnirudishie nauli ya parseli. Baada ya hiyo imeili haitoshi. Nataka barua ya msamaha yenye sahihi ya meneja, kwangu na kwa mzee wa Mombasa, nauli yote, na thamani ya kibanio kama ilivyoandikwa kwenye fomu ambayo nyinyi wenyewe mliipiga muhuri. Na huyo kijana asiwekwe tena mahali anafungua vitu vya watu. Nisipopata jibu kufikia Ijumaa naenda Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, na nakala ya hii barua naipeleka Mamlaka ya Mawasiliano, maana leseni yenu ya kubeba parseli ni wao wanatoa. Picha ninazo, na ule waya ninao.

Namba yangu iko kwenye fomu. Mkipiga, apige meneja mwenyewe, supavaiza sitaongea naye.

Mteja wenu,
tawi la mjini, Nairobi