Risala ya Klabu ya Jiografia kwa Mgeni Rasmi, Rubani Mstaafu wa Bandari

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Karibu Embakasi, Kapteni. Bahari hatuna, ila makontena tunayo: malori hupita langoni petu yakitoka bandari kavu, na mwalimu hunyamaza hadi kelele zipite. Shehena hiyo iliingia Kilindini, bandari ya Mombasa, kwa meli iliyoongozwa na mtu wa kazi yako: rubani anayeifuata meli baharini kwa boti, akaipanda na kuielekeza hadi bandarini.

Tumesoma kwamba kazi hii hurithiwa. Ahmad ibn Majid, rubani mashuhuri wa karne ya 15, alikuwa mwana na mjukuu wa marubani. Nawe, tumeambiwa, ulimfuata baba. Sababu tunaiona. Ramani huonyesha kina cha maji, lakini namna mkondo unavyoivuta meli maji yakipwa, na kusi inavyoisukuma, mtu hujifunza kwa kusimama kando ya anayejua.

Kilichotushtua ni ngazi ambayo rubani huipandia meli. Kumbe meli haisimami! Boti ya rubani hukimbia ubavuni mwake, naye hungoja wimbi liiinue boti hadi juu kabisa ndipo adake ngazi ya kamba na kupanda upesi. Akizubaa, boti huinuka tena na kumbana miguu. Kanuni za kimataifa hazimruhusu kupanda zaidi ya mita 9 kwa ngazi hiyo peke yake, nasi tunaona hata hizo ni nyingi. Tena kamba si yake: imetunzwa na kufungwa na mabaharia asiowajua. Kama imeoza, ataambiwa na nani? Kule New York, ambako nako wana wengi walifuata baba zao, rubani mmoja alikufa Desemba 2019 na mwingine Agosti 2020, wote kwa kuanguka wakipanda meli.

Pamoja na hayo, wapo wasichana hapa wanaoitaka kazi hii. Elizabeth Marami, mwanamke wa kwanza Kenya kuwa rubani wa meli, amewatia hamu. Hawana baba baharini, na shule haina hata bwawa la kuogelea.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili: utuombee ruhusa tuzuru Kilindini, na utuchangie ada ya mafunzo ya kuogelea muhula ujao. Hesabu iko kwa mwalimu mlezi.

Ahsante.

Ni sisi, wanachama wa Klabu ya Jiografia.