Baibui langu limehubiriwa vya kutosha

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na ninachoshona zaidi ni mabaibui. Nayashona, nayavaa, na binti zangu wanayavaa. Hakuna aliyetushikia fimbo. Kwa hiyo nisieleweke vibaya. Ninachouliza ni kwa nini katika mihadhara ya mtaani kwetu, kipaza sauti kikishawashwa tu, habari ya mwanamke inakuwa kitambaa mwanzo mpaka mwisho.

Utasikia limebana, linang'aa, lina shanga, shungi fupi. Mashallah, wanajua mishono kuliko sisi mafundi! Suratun-Nur aya ya 30 inaanza na wanaume, wainamishe macho yao. Ya 31 ndiyo inakuja kwetu. Mhadhiri anairuka ya 30 kama anavuka dimbwi.

Wateja ndio wanaonipa habari zenyewe. Anakuja mama nimpunguzie baibui mbavuni, linampwaya. Namuuliza, shoga, umeugua? Kumbe ameachwa kwa meseji ya simu, yumo edani, ule muda wa kungoja baada ya talaka, na mume hajaleta hata kilo ya sembe. Napima, naweka pini, yeye anasimulia huku amenyoosha mikono. Basi Suratut-Talaq aya ya 7 haiko kwenye misahafu yetu? Mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na aliyepungukiwa atoe katika alichopewa na Mwenyezi Mungu. Wanaoachwa hivi mtaani si haba, na wengi wamejisitiri mpaka vidole vya miguu.

Tunaambiwa pia kazi ya mke ni ndani. Haya, nani anakaanga vitumbua alfajiri mitaa hii yote, na ada ya shule inatoka wapi? Bi Khadija alikuwa mfanyabiashara, na Mtume (S.A.W.) alimsafirishia bidhaa zake kabla ya kumuoa. Na huyo wa ndani naye anachuma. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya wanandoa. (Yeye mwenyewe hakupata kitu, mahakama ikisema fungu lake alishapewa akalitapanya, lakini mlango aliufungua.) Wanawake wangapi wa hapa Ngamiani wamewahi kuisikia kesi hiyo?

Ombi langu kwa masheikh wetu ni darsa za mahari, matumizi ya edani na mirathi, tena wakati ambao na sisi tumeshafunga biashara. Na kipaza sauti kivuke pazia kije upande wa wanawake. Sasa hivi tunaandika maswali kwenye vikaratasi, tunawatuma watoto wavipeleke mbele. Cha rangi ya kucha kinasomwa. Cha matumizi, nimeshakipeleka zaidi ya mara moja.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga