Picha za Eastlands zipigwe kabla ya tingatinga kufika

Kwa Mhariri,

Nimekuwa nikisoma kwa makini barua ambazo wasomaji wenzangu wameandika kuhusu mpango wa kubomoa mitaa ya zamani ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, ili kujenga maghorofa. Wengi wamezungumzia kodi, mabomba ya maji, na nani atapewa nyumba na nani ataachwa nje. Hayo ni mambo mazito na wana haki ya kuyapigia kelele. Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo sijaona likiguswa, nalo ni kumbukumbu za mitaa yenyewe: zitahifadhiwa wapi, na nani atazihifadhi? Naomba nafasi nilieleze kwa mfano wa mtaa mmoja ulio mbali sana na Nairobi, ambao niliufahamu nilipokwenda kukaa kwa binti yangu anayesoma katika mji wa Montreal, nchini Kanada.

Mji ule tangu mwaka 2002 umegawanywa katika maeneo ya utawala yenye mabaraza yake, ambayo leo ni 19. Binti yangu anaishi katika eneo liitwalo Ville-Marie, upande wa mashariki, katika mtaa wa Centre-Sud. Ni mtaa wa wafanyakazi wanaozungumza Kifaransa tangu karne ya 19. Walikuja kutoka mashambani kutafuta kazi bandarini kwenye mto Saint-Laurent, katika viwanda vya tumbaku na vya bidhaa za mpira, na katika kiwanda cha bia cha Molson kilichoanzishwa mwaka 1786. Nyumba zao zimeshikana ukuta kwa ukuta, za ghorofa mbili au tatu, na ngazi za chuma zimewekwa nje kwa mbele. Nyuma yake kuna vichochoro ambako nguo huanikwa, watoto hucheza, na majirani hupashana habari. Mimi niliyelelewa Shauri Moyo, mmojawapo wa mitaa hiyo ya Eastlands, sikuhitaji kueleweshwa maisha ya kichochoro. Nilichohitaji ni kamusi ya Kifaransa tu.

Sehemu moja ya mtaa huo, karibu na bandari, iliitwa Faubourg à m'lasse, yaani kitongoji cha molasi, ule uji mzito mweusi unaobaki sukari inapotengenezwa. Wazee wa huko husema jina hilo lilitokana na harufu ya mapipa ya molasi yaliyokuwa yakishushwa melini. Mtu yeyote aliyewahi kupita Muhoroni au Mumias wakati kiwanda kinasaga miwa anaijua harufu hiyo, na anajua pia kwamba wanaoishi karibu nayo huacha kuisikia, hadi siku wanapohamia kwingine ndipo wanapoikumbuka.

Mwaka 1963 kitongoji hicho kilibomolewa. Huo ulikuwa wakati wa Meya Jean Drapeau, aliyetaka Montreal iwe mji wa kisasa wa kupokea wageni wa dunia nzima, na ilikuwa imeamuliwa kwamba shirika la utangazaji la Radio-Canada lijengewe makao mapya mahali pale. Majengo zaidi ya 250 yaliangushwa: makazi, maduka ya vyakula, mikahawa, gereji, viwanda vidogo. Watu wapatao 5,000 walilazimika kuhama. Jengo refu la shirika lilikamilika miaka 10 baadaye, na sehemu kubwa ya ardhi iliyobaki ikawa uwanja wa kuegesha magari. Nilitembea katika eneo hilo asubuhi moja ya baridi. Shirika limekwisha kuhamia jengo dogo zaidi la jirani, na ardhi ile inajengwa upya ili watu warudi kuishi humo. Zaidi ya nusu karne imepita ili mji urudi kufikiria kuweka watu mahali ulipowatoa.

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Kabla ya kubomoa, wapiga picha wa halmashauri ya mji walitumwa kupiga picha kila nyumba. Nia haikuwa kuhifadhi historia. Ilikuwa kazi ya faili, ili kila jengo liwe na kielelezo chake. Katika picha hizo mtumishi wa halmashauri husimama mbele ya nyumba akiwa ameshika kibao chenye namba, na kwa kuwa wenyewe walikuwa nyumbani, nao wameingia pichani bila kukusudiwa: mama ameegemea ukingo wa baraza juu, mtoto ameketi kwenye ngazi akimwangalia mgeni mwenye kibao. Picha zile zilikaa katika hifadhi ya nyaraka za mji kwa miongo kadhaa. Mwaka 2011 kituo cha historia cha Montreal kilizitoa na kuziweka katika maonyesho kuhusu mitaa mitatu iliyovunjwa, pamoja na sauti za watu waliokuwa wakiishi humo. Nyaraka za ubomoaji ndizo zilizowarudishia watu mtaa wao.

Katika Centre-Sud hiyohiyo wenyeji walikuwa wamekwisha kuanza kazi yao wenyewe mapema. Mwaka 1980, watu waliokuwa wakihangaikia nyumba za ushirika walianzisha jumba la makumbusho la historia ya wafanyakazi, wakaliita Écomusée du fier monde, maana yake makumbusho ya watu wenye fahari. Tangu mwaka 1996 makumbusho hayo yamo katika bafu la umma lililojengwa mwaka 1927, zama ambazo nyumba nyingi za wafanyakazi hazikuwa na mahali pa kuogea. Bwawa la kuogelea halikufukiwa. Unashuka mpaka ndani yake, unasimama juu ya sakafu ambayo zamani ilikuwa chini ya maji, na kukuzunguka kuna vifaa vya kazi, picha za viwandani na maneno ya watu wa kawaida. Nilisimama mle kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga, maana nilikuwa nikiwaza bomba letu la Shauri Moyo, madebe yaliyopangwa foleni alfajiri, na marehemu mama yangu akikaangia mandazi mlangoni huku akilinda zamu yake kwa macho.

Bwana Mhariri, historia ya Nairobi haina upungufu wa mambo ya kuhifadhiwa. Kijiji cha zamani cha Pangani kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na Shauri Moyo ikajengwa kwa ajili ya waliotolewa huko. Kwa hiyo mtaa ambao leo unakabiliwa na kubomolewa ulizaliwa na ubomoaji mwingine. Wazee waliotulea walikuwa wakituhadithia Pangani ile, misikiti yake na majina ya wenye nyumba, nasi tulisikiliza kama watoto wanavyosikiliza, sikio moja kwenye hadithi na jingine kwenye mpira nje. Wazee hao sasa wamekwisha kuzikwa. Mtaa wa Kaloleni ulijengwa katika miaka ya 1940, na mikono ya mateka wa vita wa Kiitaliano ilihusika, na ukumbi wake ulisikia mikutano mingi ya siasa kabla ya Uhuru. Jina la mtaa wa Kariokor limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini waulize vijana wanaopanda matatu kuelekea huko kila siku kama wamewahi kuambiwa.

Sipingi ujenzi. Nimelala katika chumba kimoja na ndugu zangu watano, choo kikiwa cha kuchangia na majirani, na sitamwombea mtoto yeyote maisha hayo ili mimi nipate kitu cha kukumbuka. Ninachoomba ni kwamba kabla tingatinga halijaingia mtaa wowote, serikali ya kaunti impeleke mpiga picha, nyumba kwa nyumba, mlango kwa mlango, wenye nyumba wakiwa wamesimama mbele ya milango yao kwa hiari yao na majina yao yakiandikwa kama wanavyotaka yaandikwe. Impeleke pia kijana mwenye kinasa sauti, awaketishe wazee waliobaki. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na fedha za saruji. Nakala moja iende katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, na nyingine ibaki Eastlands kwenyewe, kwa mfano katika maktaba ya Kaloleni, ambayo imekarabatiwa vizuri miaka ya karibuni na ambayo mtoto wa mtaani anaweza kuifikia kwa miguu. Tena, katika kila mtaa jengo moja la zamani liachwe limesimama, ukumbi au hata safu moja ya nyumba, kama lilivyoachwa lile bafu.

Kwa upande wangu, ninazo picha nne za Shauri Moyo za miaka ya 1960, daftari la chama cha kuzikana ambalo baba yangu aliliandika kwa mkono wake kama katibu, na ufunguo wa mlango wa nyumba yetu. Ikiwa kaunti itataja mahali na siku ya kuvipokea, nitavileta mwenyewe.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu,
Buruburu, Nairobi