Tusiziamini SMS kwa misimbo ya benki

Mhariri,

Tunahimizwa kila siku kubadili nywila, lakini udhaifu mwingine umo ndani ya mtandao wa simu wenyewe. Kwenye 2G, yaani mtandao wa simu wa kizazi cha zamani, simu hujithibitisha kwa mnara, ila mnara haujithibitishi kwa simu. Ndiyo sababu mnara bandia unaweza kuinasa simu yako na kuipelekea SMS za kitapeli ambazo hazipitii kabisa kwenye mitambo ya kampuni. Baadhi ya simu za Android, kuanzia toleo la 12, zina swichi ya kuzima 2G kwenye mipangilio ya laini. Izime, isipokuwa kama ulipo hakuna mtandao mwingine.

Tatizo la SS7 ni gumu zaidi. Mfumo huo unaounganisha kampuni za simu ulibuniwa miaka ya 1970, zama za kuaminiana. Aliyeupenya anaweza kuzielekeza SMS zako kwake. Mwaka 2017 wateja wa benki Ujerumani waliibiwa kwa njia hiyo. Mteja hana swichi ya kuzima hapo. Kazi ya kuchuja ni ya kampuni. Anachoweza ni kuhamishia misimbo ya kuingilia kwenye programu maalumu ya simu inayotoa misimbo yenyewe, badala ya SMS.

Laini nayo iwekewe PIN, ili mwizi asiichomeke kwenye simu nyingine. PIN haizuii tapeli kusajili upya namba yako kwenye laini nyingine, hilo tusidanganyane. Nakili kwanza PUK, namba ya kufungulia laini iliyojifunga: ukikosea PIN mara 3 utaihitaji, na ukiikosea PUK mara 10, kadi imekufa.