Mkeka kasuka bibi, zawadi kaandikiwa babu

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako, na kama barua ndefu kata unapotaka ila pale pa kadi ya bibi usipaguse, maana ndo palipotoka yote haya.

Wiki ilopita tumefungua kasha la marehemu bibi yetu mzaa mama. Mlikuwa na kanga za zamani, mkasi, udi ulokauka zamani, na chini kabisa kadi ngumu ishageuka rangi ya chai, imeandikwa Kizungu. Zawadi ya kwanza, kazi za mikono, mkeka. Halafu jina. Jina la babu!

Sasa mie babu yangu namjua. Alikuwa mkulima wa mpunga na karafuu zake kidogo, mtu wa watu, lakini ukimpa chane za ukindu, vile vipande vyembamba vya majani ya kusukia, mkononi alikuwa hajui aanzie wapi. Bibi mwenyewe akitusimulia habari hii alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi, anasema "babu yenu huyo, hata kamba ya mbuzi nilikuwa namsokotea mie." Sie wadogo tukiona ni kichekesho tu. Leo kadi iko mkononi mwangu nimeshaiona ile cheko ilikuwa na kitu ndani yake.

Kwa vijana wasojua, zama za Mwingereza huku mashamba kulikuwa na shoo za kilimo, watu wanaleta mazao, mifugo na kazi za mikono, majaji wanapita wanatizama, walofuzu wanapewa kadi na vijisenti. Bibi alivyosimulia, usiku wa kuamkia shoo hakuna alolala, watu wanaosha majimbi udongo utoke, mikungu ya ndizi za mkono wa tembo inafungwa kwa majani isichubuke njiani, na kiazi kikuu kimoja kilikuja kimening'inizwa kwenye mti kimebebwa na watu wawili kama maiti (hapa naye alikuwa anatia chumvi, kila mwaka kiazi kilikuwa kinakua). Mchele unaletwa kwa pishi, kile kipimo cha zamani, karafuu zinamwagwa kwenye sinia jaji anazivunja kwa kucha asikie kama zimekauka. Muhogo nao ulikuwa na heshima yake, hasa baada ya 1942 Wajapani walipoishika Burma, mchele wa meli ukawa adimu, watu wakajua thamani ya kilichomo ardhini kwao.

Lakini alipokuwa anafika kwenye mkeka bibi alikuwa anapunguza sauti. Ule mkeka alianza kuutayarisha miezi kabla. Kakata ukindu mchanga, kaanika juani mpaka ukawa mweupe, kachana chane nyembamba sawasawa, nyengine kachemsha na rangi, halafu ndo kasuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa ukawa mkeka, pima kwa pima, usiku kwa taa ya kibatari mchana akitoka kondeni. Ukili ukishakuwa mrefu unaushona, unauzungusha, na hapo ndo kazi ilipo, maana yale maua ya rangi lazima yakutane, ukikosea chane mbili tu huku mwanzo, kule mwisho ua limepinda na huna la kufanya ila kufumua. Jaji, Mzungu, kaushika mkeka kaugeuza nyuma kabla hajautizama mbele. Bibi kasema hapo hapo alimheshimu, "huyu anajua, mkeka husomwa mgongoni." Kautafuta mshono hakuuona.

Basi kashinda. Na jina likaandikwa la mwenye nyumba, maana orodha ilipitia kwa sheha, mkuu wa kijiji, na sheha kaandika anavyoandika siku zote, fulani bin fulani na watu wake. Babu akaitwa mbele akapokea kadi na shilingi zake tano, watu wanapiga makofi, na bibi yuko nyuma na wanawake wenzake. Babu muungwana, hela alimpa zote. Kijiji kizima kikamtania mpaka anakufa, "fundi ukili" ndo jina lake, na yeye alikuwa anaitika.

Wasije watu wakasema namsifu mkoloni. Simsifu. Miaka hiyo hiyo ndo wakulima wa Kiembe Samaki kule Unguja walikataa ng'ombe wao kuchanjwa kwa amri, na ardhi yao nayo walikuwa washaiona inaliwa na uwanja wa ndege, ikafika 1951 watu wakapigwa risasi, ndo ile tunaita Vita vya Ng'ombe. Babu yangu mwenyewe ng'ombe hakuwahi kupeleka shoo hata siku moja, akisema mnyama wako akishaandikwa kwenye daftari la serikali si wako tena. Mkeka je? Mkeka haukuwa na kodi, ndo maana akaukubali uende, pengine na jina lake likaona si taabu.

Na kuna jambo jengine linanikera nikilifikiri. Tangu kimbunga cha 1872 kilipong'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ndo imekuwa shamba kuu la karafuu. Mwaka 1924 Zanzibar ilipeleka vitu vyake mpaka Wembley, Uingereza, kwenye maonyesho makubwa ya himaya yao, na karafuu ndo ilokuwa fahari yetu. Sawa. Lakini karafuu haikauki hewani. Inakauka kwenye majamvi, na majamvi ya miyaa, yale majani ya mkoma, nani anasuka? Mwanamke alokaa chini kapinda mgongo. Mwenye shamba anajulikana, mnunuzi anajulikana, mchumaji angalau anahesabiwa pishi zake akalipwa. Msukaji wa jamvi hata mwenye shamba hamkumbuki jina, anakumbuka tu bei alompunguza.

Mtasema hayo ya zamani yashapita. Mwaka jana nimekwenda kwenye maonyesho huku huku Pemba, sitasema wapi wala nani kayaandaa. Matenti mazuri, spika kubwa kuliko nyumba yangu, benki ziko, watu wa simu wako. Nikaingia kwenye banda la kazi za mikono nikaona mkeka umetundikwa, kwa mazoea nikaugeuza nyuma. Wallahi nilisimama kimya. Ulikuwa mkeka wa mtu anojua. Nikamuuliza kijana alovaa fulana ya mradi, huu kasuka nani? Kanijibu "kikundi". Kikundi kina mikono mingapi, nikamwambia, mkeka mmoja haushonwi na watu ishirini. Kacheka, kanionyesha lebo, ina logo tatu za wafadhili, bei, namba ya simu ya mwenye mradi. Mtu hayumo.

Nikitoka nje pembeni ya banda kakaa mama mmoja anauza juisi ya bungo, kanivuta kanga kaniambia kwa sauti ndogo, "mwanangu, ule ulokuwa unaugeuza ni wangu mie." Nikamuuliza kwa nini husemi? Kasema nani kaniuliza.

Ndugu Mhariri, hiyo ndo haja yangu yote na haina gharama. Wanaoandaa maonyesho waweke kila mkeka, kila kawa ya kufunikia chakula, kila kofia ya viua, na jina la mkono uliofanya, jina lake yeye, si la mume, si la mradi, si la shehia, eneo la sheha. Na majaji wapite mbele za watu kama zamani, waugeuze mkeka nyuma na waseme wameona nini, tusikie, siyo kutangaziwa mshindi kwenye spika halafu hujui kashinda kwa lipi.

Mkeka wa bibi ninao, pindo limekatika upande mmoja na rangi imepauka lakini mshono bado huuoni. Maonyesho yajayo nakuja nao, siyo kwa mashindano. Nimeshautilia kipande cha kitambaa nyuma na jina lake kamili la ukoo nimelidarizi kwa uzi mweusi, na kalamu ya wino mzito nitakuwa nayo mfukoni kwa yule mama wa juisi.

Mjukuu wa msukaji,
Wete, Pemba